Makufuli Kumi na Mawili

Naigaga mwanangu,

Umetoka saa tisa hii na boda kwenda Nalufenya kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako hakuachii mpaka ule mara mbili na ubebeshwe kuku. Basi nina muda mpaka jua litue. Nimekaa mezani hapa Mpumudde, begi lako limefungwa tayari, limesimama pale mlangoni. Habari za kuchemsha maji, kwenda kanisani na kunipigia ukifika umeshazisikia hadi zimekuchosha; jana ulisinzia mimi nikiwa katikati ya neno. Hizo siziandiki. Nataka kukuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote wa nyumba hii. Hata baba yako, Mungu amrehemu, alizikwa akijivunia mke ambaye hakumjua vizuri.

Kesho unaenda Mbale kuanza kazi. Wiki ya kwanza watakufungulia programu za zamani uzisome, ndivyo wanavyomfanyia kila mgeni. Utafika kwenye kile kifurushi cha kutengeneza funguo, kile ambacho programu zao zote zinakichukua na kukitumia. Juu yake utaona jina langu. Utafurahi, nakujua, utawaita wenzako waje waone kazi ya mama. Kisha utafungua matoleo ya zamani, utasoma chini kidogo, na wewe si mjinga, nimekufundisha mwenyewe. Utanyamaza. Sitaki unyamaze hivyo mbele ya watu usiowajua, mimi nikiwa huku Jinja nachagua mchele.

Nianze na babu yako.

Unamkumbuka akiwa mzee wa kikohozi na redio, lakini mimi nilimjua akiwa askari jela, mkanda umeng'aa, na kila mtu anamwita Afande. Alikuwa mtu wa kabila la Lango, mama yangu Mgisu, ndiyo maana nyumba yetu ya kambini ilikuwa ya Kiswahili, na hii yetu pia mpaka leo. Watoto wa nje ya kambi walitucheka wakisema tunaongea lugha ya bunduki, yaani ya wanajeshi. Mzee mwenyewe sikuwahi kumwona na bunduki. Nilimwona na funguo.

Siku moja nilitumwa kumpelekea chakula stoo. Nilikuwa na miaka minane. Nikamkuta ameketi nje na boksi la makufuli mapya, kumi na mawili, na kila kufuli lina ufunguo wake umefungwa kwa waya. Alikuwa anatakiwa kutia saini kwamba ameyapokea. Mtu mwingine angejaribu kila ufunguo kwenye kufuli lake, angeona linafunguka, angesaini, angekula. Yeye akaniketisha nimsaidie. Tukachukua ufunguo wa kwanza, tukaujaribu kwenye makufuli yote kumi na mawili. Halafu wa pili. Halafu wa tatu. Kumi na mbili mara kumi na mbili mimi niliijua kwa vidole kabla mwalimu hajaifundisha. Chakula kilipoa. Nilikuwa na njaa na nikamwambia, kwa hasira za mtoto, kwamba yote yanafunguka, ameona mwenyewe.

Akaniambia, "Ufunguo kufungua mlango wake, hiyo kazi ya fundi. Kukataa mlango wa jirani, hiyo ndiyo kazi yangu."

Kufuli la tisa lilifunguka kwa ufunguo wa la nne. Mwenye stoo alisema ni moja tu, liwekwe pembeni, mengine yapokelewe. Mzee akarudisha boksi zima. Jioni ile wenzake walimsema sana kwa kuchelewesha mambo, na mimi pia nilimnunia. Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Sasa njoo kwangu. Mganga hajigangi, na binti wa askari jela akaja kutengeneza funguo asijue kuzijaribu.

Unaijua kazi ile kwa juu juu, nakueleza ya ndani. Kahawa inashuka kutoka mlimani, inafika kwenye ghala la ushirika mmoja pale Mbale, na wako wapimaji wanaoikagua, wanaitafuna, wanaisema hii daraja la kwanza, hii ina ukungu irudi. Zamani walisaini karatasi, na karatasi zilibadilishwa njiani. Kampuni hiyo unayoiendea ikapata wazo la kidude kidogo, ukubwa wa kiberiti. Kila mpimaji chake. Anapima, anabonyeza, kidude kinatia saini ambayo mtu mwingine hawezi kuiiga. Ndani ya kila kidude kuna namba ndefu ya siri, ndiyo huo ufunguo, na kidude kinajitengenezea chenyewe siku ya kwanza kinapowashwa. Namba hiyo inatakiwa mtu asiweze kuibashiri, na kidude kingine chochote kisiwe nayo. Sehemu ya kuitengeneza namba hiyo ndiyo iliyokuwa yangu.

Kompyuta kubwa ina pilikapilika zake: mtu anabonyeza, mtandao unaingia na kutoka, kila kitu kinagongana. Humo ndimo inamochota namba zisizotabirika. Kidude kilichoamka sasa hivi hakijaona kitu. Kinasubiri. Na majaribio yangu, programu fupi za kuikagua kazi yenyewe, yakawa yanasubiri nacho, dakika tano, dakika kumi, halafu umeme unakatika nianze upya. Sisi watu wa mji wa bwawa, tunaolala karibu na maji yanayotengeneza umeme wa nchi nzima, taa zinazimika kama za kila mtu. Nilitukana wiki nzima. Mwisho nikaweka orodha ya namba za kudumu, zilezile kila siku, ili majaribio yaishe haraka.

Hapo bado sijakosea. Kila mtu wa kazi hii anafanya hivyo, nawe utafanya, maana jaribio linatakiwa kutoa jibu lilelile leo na kesho. Nilikosea Ijumaa iliyofuata. Mkurugenzi alikuwa anawaleta watu wa ushirika waone vidude vikiwashwa, na vidude vilikuwa vinasubiri mbele yake kama ng'ombe waliogoma. Nikaongeza mstari mmoja: zikipita sekunde mbili na pilikapilika hazijatosha, chukua namba za majaribio. Pembeni nikajiandikia, "Ya muda tu. Nitaondoa Jumatatu." Vikawaka vyote papo hapo. Watu wakapiga makofi.

Jumatatu uliamka na malaria. Sikusingizii, mwanangu; Jumanne nayo ilikuwepo, na Jumatano, na mstari sikuuondoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulikaririshwa tangu darasa la pili, na mimi nilikuwa hodari wa kukariri.

Kwa hiyo kila kidude kilichowashwa ghalani, kwa kuwa kilikuwa kichanga na kimekaa kimya, kilipita zile sekunde mbili na kuchukua namba zilezile. Unajua mwenyewe, ukisimama soko la Jinja uite Waiswa, wanageuka wanaume saba, kwa sababu kila pacha wa kiume wa kwanza wa Kisoga ni Waiswa. Vidude vyangu vyote vilizaliwa Waiswa. Ufunguo mmoja, mifuko tofauti; mwenye kimoja angeweza kusaini kwa jina la mwenzake.

Na majaribio yangu? Safi. Ufunguo una urefu unaotakiwa, kijani, rangi ya kufaulu. Saini inatambulika, kijani. Ukibadilisha herufi moja kwenye cheti cha mzigo, saini inakataa, kijani. Yote juu ya mashine moja, na ufunguo mmoja, na mlango wake mwenyewe. Sikuwahi kuwasha vidude viwili na kuuliza kama vinatofautiana. Niliona ni swali la kijinga.

Aliyeliuliza ni Bwana Wambede.

Huyu alikuwa mpimaji wa miaka mingi, mtu mpole, mwembamba, shati limechomekwa hata akiwa kwenye vumbi la kahawa. Mzigo mmoja ulifika kwa mnunuzi ukiwa umeoza kwa ukungu, na cheti chake kinasema daraja la kwanza, saini ya Wambede. Yeye akasema siku ile hakupima mzigo ule. Ushirika ukaita kikao, na kampuni ikanituma mimi kuwa shahidi. Nilivaa lile gauni la bluu unalolipenda. Nikafungua kompyuta, nikaendesha majaribio mbele yao ukutani, kijani, kijani, kijani, na mzee mmoja wa kamati akatikisa kichwa kwa heshima. Mwenyekiti akaniuliza kama mtu mwingine angeweza kutia saini ile. Nikasema haiwezekani.

Wambede akanyoosha mkono. Hakupaza sauti. Akasema, "Mama, kile kidude cha mwenzangu, umekijaribu kwa jina langu?"

Kilikuwa mezani. Kilikuwa pale pale, Naigaga, karibu na chupa ya maji. Ningekichukua, ingekuwa dakika mbili. Lakini nilikuwa nimeshasema haiwezekani, na watu wameshatikisa vichwa, na mimi ni mwanamke pekee chumbani mwenye kuijua mashine. Nikamwambia, "Bwana, hesabu haidanganyi." Baadhi walicheka. Akashusha mkono. Wakamfukuza mchana ule ule, na habari ikapanda mlima mbele yake. Hakuna ghala hata moja lililomkubali tena.

Nilirudi Jinja nikakupikia pilau. Ndiyo, siku ile ile ya kikao.

Miezi minne baadaye vilirudi vidude viwili vibovu nivitengeneze. Niliviweka mezani hapa hapa ninapoandikia, nikavifungua, nikaona namba zinafanana mwanzo hadi mwisho. Nilidhani nimefungua kimoja mara mbili. Nikarudia. Halafu nikaenda uani. Nilimwona mzee wangu na boksi lake la makufuli kana kwamba amesimama karibu na kamba ya nguo, na niliona aibu ya mtoto, ile inayochoma masikio.

Nilimwambia mkurugenzi. Hilo nalisema ili usidhani nilinyamaza tangu dakika ya kwanza. Nilisema, kwa mtu mmoja, mlango umefungwa. Akanisikiliza vizuri. Akaniambia nirekebishe kimya kimya kwenye toleo jipya, vidude vipewe funguo mpya kwa jina la matengenezo ya kawaida, na mambo ya kale tusiyafukue, kwa sababu kampuni itaanguka na watu wote wa ofisi ile watakosa kazi, na wengine walikuwa na watoto wachanga. Nikarekebisha. Nilirekebisha vizuri sana. Sasa kidude kinasubiri kinavyotaka, na kisipopata kinakataa kuwaka. Nikaandika hata jaribio la vidude viwili kwa lile toleo jipya. La zamani sikuligusa, wala la Wambede sikuligusa.

Miaka minne, mwanangu. Ulikuwa unaniuliza kwa nini siendi tena Mbale kwenye misiba ya wajomba, nikisingizia mgongo. Mgongo haukuwa na kitu. Nilikuwa nimejifungia ndani na ufunguo ninao mkononi, na kila siku niliyokaa bila kufungua ilifanya kufungua kuwe kugumu zaidi, maana sasa nitaulizwa mawili: kwa nini ulikosea, na kwa nini ulikaa. La kwanza nina jibu lake. La pili sina mpaka sasa.

Niliwahi kujaribu mara moja. Mwaka juzi nilikwenda Mbale, nikapanda boda mpaka Nkoma, nikaulizia nyumba ya Wambede. Ana kibanda cha kuuza sabuni, chumvi na kadi za simu mbele ya nyumba. Aliniona kabla sijashuka. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Akatoka na kigoda, akakipangusa kwa kiganja, akasema, "Mama wa mashine, karibu. Umetoka mbali." Hakuuliza nimefuata nini. Mke wake akaleta chai. Tukaongea mvua. Nikanunua sabuni, Naigaga. Nikanunua sabuni nikarudi nyumbani. Ile sabuni ya kipande ya bluu uliyoniuliza mbona nimeitoa Mbale wakati duka liko hapo mlangoni, ndiyo hiyo. Sikuwahi kuitumia, iko chini ya kitanda changu.

Halafu mwezi uliopita mkurugenzi akapiga simu. Sauti tamu. Akasema amesikia binti yangu amemaliza chuo, na nafasi ipo, na watu wa nyumba moja husaidiana. Ulikuwa umesimama nyuma yangu unasikiliza, ukarukaruka, ukanikumbatia nikiwa bado na simu sikioni. Nikasema asante. Ningesema nini? Umetuma maombi mwaka mzima, nimekuona ukirudi na viatu vimechakaa. Kazi yako, mama, ni ya haki kwa akili yako, hilo usilitilie shaka hata siku moja. Lakini mlango uliofunguliwa, umefunguliwa kwa ukimya wangu, na mimi na yeye tunajua, ingawa hakuna aliyelitamka. Tangu siku ile nimebanwa pande mbili. Nikisema, nakuharibia. Nikinyamaza, nakupeleka wewe ukakae juu ya kosa langu kila siku, ukilitunza, ukiliogopa, na siku moja wakuite wewe kuwa shahidi.

Nilifikiria kuifuta. Ninakuambia yote leo, na hili pia. Bado nina ruhusa ya kuingia kwenye zile kumbukumbu za matoleo ya zamani, na wiki iliyopita niliketi hapa na kidole juu ya kitufe, ule mstari upotee, na lile neno langu la Jumatatu lipotee, nawe usione chochote maisha yako yote. Kilichonizuia si wema. Nilisikia unaimba bafuni. Nikaona nitakuwa namwogopa mtoto wangu mwenyewe kila akiniuliza swali la kazi, na nikachoka papo hapo. La kuvunda halina ubani.

Badala yake nimeandika, kwa toleo la zamani, lile jaribio ambalo sikuliandika wakati ule. Ni mistari michache, unaweza kuisoma kwa pumzi moja. Washa kidude cha kwanza kikiwa kichanga, washa cha pili kikiwa kichanga, linganisha funguo, na zikifanana, kataa. Nikaliendesha jana juu ya toleo la zamani, lile lililokuwa ghalani siku ya mzigo wa Wambede. Likatoka jekundu. Nilililia pale pale, wewe ulidhani ni vitunguu.

Nimelichapisha kwenye karatasi. Nimechapisha na ule mstari wa Ijumaa, na tarehe yake, na jina langu juu, na barua kwa mwenyekiti wa ushirika ya kusema nilichosema kikaoni hakikuwa kweli. Nakala ya mkurugenzi nimemtumia leo mchana, ulipokuwa unapiga pasi. Amepiga simu mara sita. Sijapokea.

Kwa hiyo inawezekana ukifika kesho ukaambiwa nafasi haipo tena. Inawezekana hata kiti usionyeshwe. Nasema hivi bila kuzunguka kwa sababu ni wewe utakayesimama pale mapokezi na begi, si mimi, na najua utanichukia walau mpaka jioni. Nisamehe. Sikuomba ruhusa yako kwa sababu ungenipa, na ningekuwa nimekubebesha wewe uamuzi wangu. Ukirudishwa, njoo nyumbani, chumba chako hakina mpangaji. Wakikuweka, utakutana na watu wanaokutazama vibaya kwa ajili yangu; fanya kazi yako. Na siku utakayoandika mstari wa muda tu, kwa sababu utauandika, sisi sote tunaandika, na mtu asiyejua kompyuta akakuuliza swali linaloonekana la kijinga, chukua kile kidude kilicho mezani. Hilo tu ndilo ninalokuomba.

Nasikia boda inapunguza mwendo barabarani, huenda ni wewe. Nitaiweka hii juu ya begi. Isome leo, usiniite, usinijibu. Kesho asubuhi utanikuta nimevaa lile gauni la bluu, na begi dogo. Usishangae. Tutapanda gari moja mpaka Mbale, tutakaa kiti kimoja, na kama hutaki kuongea nami njiani ni haki yako. Tukifika, wewe utashika njia ya ofisini. Mimi nitachukua boda ya Nkoma. Usinisindikize, hata ukinionea huruma.

Hodi ya pale naipiga mwenyewe.

Mama yako.